Miaka 19 ya vidonge vya presha: ninavyovimeza bila kukatisha

Nimeendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na mara nyingi nimevuka kuingia Zambia hadi Lubumbashi, kule Kongo. Presha iligundulika mwaka 2006, nikiwa na miaka 41. Sikuwa naumwa chochote. Tajiri alitaka madereva wote wapimwe afya ndipo atugawie magari mapya, nami nikaingia chumba cha vipimo nikiwaza macho tu, maana macho ndiyo humtoa dereva barabarani. Nesi akanifunga mkanda mkononi, akajaza upepo, akatazama, akajaza tena.

"Kaka, umekuja unakimbia?"

"Hapana dada. Nimekaa hapo kwenye benchi tangu saa mbili."

Akaandika 178 kwa 112, akaenda kumwita daktari. Usukani nimeuachia sasa, nina miaka 60, naishi Morogoro, na haipiti wiki kijana hajanipigia simu: mzee wangu, hivi vidonge vya presha ukivianza si ndiyo basi tena? Si vinapunguza umri? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa ninavyofanya mimi. Si daktari, kwa hiyo dozi yako ni ya daktari wako, usiichukue kwangu.

Kuhusu umri

Swali hili nililibeba muda mrefu, kwa sababu kila nilipoliuliza kijiweni nilipata jibu la kijiweni. Mmoja aliniambia vidonge vinakausha figo. Mwingine alikuwa na mfano kabisa: baba yake mdogo alimeza dawa za presha miaka 10, akafa. Mfano huo ulinitisha mpaka siku nilipojiuliza mzee yule alikuwa anavimeza kwa sababu gani. Wengi wetu tunaanza dawa mishipa ikiwa imeshachakaa, tukifa lawama inaangukia kidonge kilichokutwa mezani.

Aliyenitoa tongotongo ni binti yangu wa pili, aliyesomea ufamasia. Alikuja likizo, nikamkalisha uani.

"Mwanangu, usinifiche. Hivi vidonge vinanila?"

"Baba, inayokula ni presha. Vidonge vinaizuia."

Akanipa hesabu, na mimi hesabu sizikimbii, nimeishi na lita na kilomita. Mwaka 2002 watafiti walikusanya takwimu za watu kama milioni 1 na kuona kwamba kwa wenye miaka 40 hadi 69, kila namba ya juu inapopanda kwa 20, kuanzia 115, hatari ya kufa kwa kiharusi au ugonjwa wa moyo inakuwa mara 2. Nikahesabu vidole: kutoka 118 hadi 178 yangu ni hatua 3. Mara 2, mara 2, mara 2. Nilikuwa nimekaa kwenye hatari ya mara 8 huku nikijiona mzima wa chuma.

Ndivyo presha ilivyo. Tairi ukilijaza upepo kupita kiasi halipasuki pale kwenye pampu. Linalika katikati taratibu, kisha siku moja ya jua kali na mzigo mzito linapasuka, na utingo anasimulia kwamba limepasuka ghafla.

Hesabu ya pili ilikuwa ya mwaka 2016: majaribio 123, watu zaidi ya 600,000. Kila dawa ilipoishusha namba ya juu kwa 10 tu, viharusi vilipungua asilimia 27, moyo kushindwa kazi asilimia 28, na vifo vya kila aina asilimia 13. Vya kila aina. Kama vidonge vingekuwa vinaua watu kwa mlango wa nyuma, vifo hivyo vingeonekana humo.

Ya tatu ndiyo iliyotugombanisha kidogo. Kuna jaribio la Marekani liitwalo SHEP, lililotangazwa 1991, la watu 4,736 wenye miaka 60 na kuendelea. Nusu walipewa dawa ya mkojo, ile ya presha inayokufanya ukojoe sana, nusu kidonge kisicho na kitu, kwa kama miaka 4 na nusu. Baada ya miaka 22 waliwafuatilia tena wakaona kwamba kila mwezi mmoja wa kumeza dawa uliongeza kama siku 1 ya kuishi bila kufa kwa moyo au mishipa.

"Mwezi mzima wa vidonge, siku 1? Biashara gani hiyo?"

"Baba, huo ni wastani. Ndani yake yumo aliyeongezewa miaka mingi na yumo ambaye asingepata kiharusi hata bila dawa. Wewe unajua uko upande gani?"

Nikanyamaza. Akaendelea: lile kundi la pili nalo lilishauriwa kuanza dawa jaribio lilipokwisha, kwa hiyo tofauti yenyewe ni ya kutangulia miaka 4 na nusu tu. Halafu viharusi vilikuwa vimepungua asilimia 36. "Siku ambazo mtu hakulala kitandani akigeuzwa na mke wake hazijahesabiwa humo, baba." Hapo alinipata, maana wote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja, swahiba wangu wa barabarani, ambaye nitamsema mbele.

Na kama unadhani zamani watu waliishi salama bila vidonge, mfikirie Rais Franklin Roosevelt wa Marekani. Machi 1944 alipimwa 186 kwa 108. Madaktari wake walikuwa na kumpunguzia chumvi, kumpumzisha na dawa ya kuusaidia moyo, basi. Tarehe 12 Aprili 1945 presha ilifika 300 kwa 190, mshipa ukapasuka kichwani, akafa akiwa na miaka 63. Mlinzi wa geti hapa Kihonda leo anameza kidonge ambacho rais yule hakuwa nacho.

Pima kama unavyopima mafuta ya gari

Huwezi kuihisi presha. Usiniambie "mimi ikipanda najua", nimeshawaona waliokuwa wanajua. Nunua mashine ya mkono, ile ya kufunga juu ya kiwiko, na mkanda uwe wa saizi yako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene utakupa namba kubwa ya uongo.

Mimi napima asubuhi kabla ya kidonge na chai. Nakwenda kukojoa kwanza. Nakaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, dakika 5 bila simu na bila kuongea na mama watoto. Napima mara 2, nikiacha dakika 1 katikati. Naandika zote mbili, hata ile nisiyoipenda. Daftari langu ni lile lile nililokuwa naandikia dizeli: tarehe, namba, na kitu kidogo pembeni, "sikulala", "msiba", "nimesahau jana".

Hospitali wanasema presha ni kuanzia 140 kwa 90. Nyumbani ukitulia, 135 kwa 85 tayari ni ya kumwonyesha daktari. Wapo ambao wakimwona mwenye koti jeupe presha inapaa, nyumbani inatulia. Bila daftari wataongezewa dawa wasizozihitaji. Wapo na kinyume chake, na hao wako pabaya zaidi kwa sababu wanaambiwa wako sawa.

Jua kidonge chako kwa jina, na kero yake

Sio "kile cheupe kidogo". Nikiwa Zambia niliwahi kuingia duka la dawa nikieleza rangi ya boksi, yule dada akanionea huruma. Boksi na rangi hubadilika kila kiwanda, jina la dawa yenyewe halibadiliki. Liandike kwenye karatasi pamoja na miligramu, weka karatasi kwenye waleti nyuma ya leseni.

Dawa ya kwanza niliyopewa ilikuwa kaptoprili. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kikohozi kikavu, cha kukwaruza, usiku ndiyo kinanoga. Utingo wangu akaanza kulala na dirisha wazi. Nilipimwa makohozi, hakuna kifua kikuu. Nilikunywa tangawizi, asali, limau. Miezi 2 imepita ndipo daktari mmoja akauliza, "Unameza dawa gani nyingine?" Akacheka. Kikohozi ni kero inayojulikana ya dawa za familia hiyo. Akanibadilishia losatani, kikaisha. Ningeacha mwenyewe kimyakimya, kama wengi wanavyofanya, nisingejua kwamba kuna mbadala. Lakini midomo au ulimi ukivimba kwa dawa za aina hiyo, usisubiri kesho, kimbia hospitali.

Amlodipini nayo, dozi ilipopandishwa hadi miligramu 10, ilinivimbisha vifundo vya miguu. Jioni nikivua soksi nabaki na alama kama nimefungwa kamba. Daktari alirudisha 5 akaongeza dawa ya pili kidogo. Usishangae ukipewa mbili badala ya moja. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya jaribio lililofanyika kwa Waafrika weusi katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo, na amlodipini ikiunganishwa na nyingine ilifanya kazi vizuri kuliko muungano usiokuwa nayo.

Sasa dawa ya mkojo. Madereva, hii ni yenu. Daktari aliniandikia kila asubuhi, nami nikawa natoka Morogoro alfajiri, kidonge tumboni, naingia Hifadhi ya Mikumi. Pale ni kilomita kama 50 za mbuga, huruhusiwi kushuka kwenye gari, na tembo hawajui kama una presha. Nikahamishia usiku, nikawa naamka mara 4 na mchana nasinzia, jambo baya zaidi kwa dereva. Mwishowe nilimweleza daktari ratiba yangu ya safari jinsi ilivyo, sio jinsi nilivyodhani anataka kuisikia, tukakubaliana niimeze nikishafika Mikumi mjini, pale pa kula. Kwa vidonge vingi vya presha, saa si kitu cha kugombania. Waingereza walijaribu kwa watu zaidi ya 21,000, majibu yakatoka 2022: asubuhi au jioni, moyo haukuona tofauti. Chagua saa usiyoweza kuisahau.

Na lile jambo la chumbani tulitaje. Baadhi ya dawa zinaweza kulegeza mambo, ndiyo. Presha yenyewe inalegeza vilevile, kwa kuwa mishipa ni ile ile. Mwambie daktari, abadilishe. Usiende kununua za kuongeza nguvu kichochoroni, zikikutana na baadhi ya dawa za moyo zinaweza kuishusha presha mpaka ukaanguka.

Mwanamke anayetarajia mimba amwambie daktari mapema, sio akishachelewa siku zake. Losatani na jamaa za kaptoprili zinamdhuru mtoto tumboni. Ziko nyingine za wajawazito.

Kutokatisha

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Mwaka 2011 mzigo ulikwama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Nilibeba vidonge vya siku 14, tukakaa zaidi ya mwezi. Vilipokwisha niliogopa siku 3 za kwanza. Kichwa hakikuuma. Siku ya 10 nikawa najisikia vizuri kuliko kawaida, miguu haivimbi, mkojo umetulia, nikamwambia utingo, "Unaona? Pengine nimepona." Nilirudi nyumbani sikuanza tena. Mama watoto ndiye aliyenisukuma kliniki kwa kunificha ufunguo wa pikipiki. 196 kwa 118. Wakanipima umeme wa moyo, daktari akanionyesha ile karatasi yenye milima: "Mzee, ukuta wa moyo umeanza kunenepa. Unasukuma mzigo mlimani muda wote."

Swahiba wangu hakupata wa kumficha ufunguo. Aliacha vidonge mwaka 2014 baada ya kuuziwa dawa ya mizizi kwenye chupa ya lita 5. Alikutwa asubuhi kwenye gesti Makambako, nusu ya mwili haimsikii. Yu hai. Nikienda kumwona ananitambua, anacheka upande mmoja, anataka kusema jina langu na linatoka lingine. Aliwahi kurudisha nyuma trela pale mlima Kitonga ambapo wengine tulishuka kutazama tu. Sasa anafungiwa vifungo vya shati.

Kwa hiyo ninavyofanya:

Vikibaki vidonge 7, nanunua. Sisubiri viishe. Wakati wa safari nilikuwa nachukua vya siku za safari halafu naongeza vya wiki 2, kwa sababu mpaka hauna ahadi.

Naviweka sehemu 2, begi na nyumbani, sio dashibodi. Kabini iliyoegeshwa juani Tunduma inachoma mkono, na boksi nyingi zimeandikwa zisikae kwenye joto zaidi ya nyuzi 30. Navitunza kwenye karatasi yake ya bati, siviminyi vyote kwenye kopo.

Nikisahau, nameza nikikumbuka siku hiyo hiyo. Nikikumbuka kesho yake, naendelea na cha kesho. Simezi 2 kufidia.

Kwa ajili ya Ramadhani naongea na daktari mapema, mwezi wa Shaabani, sio siku ya pili ya mfungo nikiwa na kizunguzungu. Vya mara 1 kwa siku vinahamia futari kirahisi. Dawa ya mkojo inahitaji mazungumzo.

Presha ikikaa vizuri mwaka mzima na mwili umepungua, daktari anaweza kupunguza dawa. Inatokea. Lakini apunguze yeye, kwa hatua, huku mkipima. Zipo, kama atenololi, ambazo ukizikata ghafla moyo unashtuka vibaya.

Vinavyopigana na vidonge

Diklofenaki. Dereva gani hana mgongo? Nilikuwa nanunua kama pipi, na presha ikawa haishuki, daktari anaongeza dozi, mimi naongeza diklofenaki. Dawa za maumivu za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinapandisha presha na kuzikandamiza figo, na ukichanganya na losatani na dawa ya mkojo figo zinabanwa pande 3. Mtu akisema "vidonge vya presha viliniua figo", muulize alikuwa anameza nini kingine. Presha isiyodhibitiwa nayo inaua figo, na hilo ndilo la kawaida.

Mirungi na vile vinywaji vya kopo vya kukesha: acha. Chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyokwishawekwa kwenye mkate na supu. Mimi niliacha ile ya kumwagia juu ya nyama, ya jikoni nilimwachia mama watoto apunguze pole pole mpaka nikazoea. Choya nakunywa, naipenda, inaweza kushusha kidogo. Siiiti dawa.

Damu mara 1 kwa mwaka

Naomba wapime kreatinini ya figo, potasiamu na sukari, na mkojo kama una protini. Ukianzishwa losatani au jamaa zake, kipimo cha figo na potasiamu kirudiwe ndani ya wiki chache. Hapo ndipo utajua figo zako zikoje kwa namba, sio kwa maneno ya kijiweni. Zangu mwaka huu ziko sawa, baada ya miaka 19.

Mama yangu alipofika miaka 82 ndugu walisema mwacheni bibi apumzike, msimsumbue na vidonge. Binti yangu akawaeleza kuna jaribio la 2008 la watu wa miaka 80 na zaidi, waliomeza dawa vifo vyao vilipungua asilimia 21. Daktari alimwanzia dozi ndogo, na alimpima akiwa amekaa na akiwa amesimama, maana wazee huanguka wakiinuka ghafla. Akiamka anakaa kwanza pembeni ya kitanda, anataja wajukuu wote kwa majina ndipo anasimama. Wajukuu 11, muda unatosha.

Usipopaswa kusubiri

Uso kupinda, mkono kulegea, maneno kuchanganyika, kifua kubana, kuona giza ghafla: hospitali sasa hivi, hata kama ni saa 8 usiku. Usimpe mgonjwa kidonge cha ziada wala maji ya limau. Mashine ikionyesha 180 kwa 120 na huna dalili yoyote, tulia dakika 5, rudia. Ikibaki hapo, wasiliana na daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa na dalili, ni safari ya hospitali.

Leo asubuhi daftari linasema 131 kwa 80, 127 kwa 79. Pembeni nimeandika "nimelala vizuri". Vidonge vimebaki 6, nimejichelewesha kwa kuandika haya tangu jana, na duka la dawa la hapa kwetu Jumapili linafunga saa 7. Navaa viatu.